Mkunde Asiyeshika Mkuki

Wiki tuliyomzika mama mdogo Epifania, Hawa alipanda kutoka Moshi mjini mpaka Kibosho kwa bodaboda, matope yamemrukia hadi kwenye mtandio. Akawasalimia wazee waliokaa kwenye mabenchi mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kama mtu anayegawa sahani. Kisha akaja jikoni nilikokuwa nasugua masufuria ya matanga, akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa, akachukua stiliwaya bila kuombwa. Hatukuwa tumeonana tangu tumalize kidato cha nne. Tulisugua kwanza, masizi yakitupanda viwikoni. Halafu akauliza, "Mkunde yuko wapi siku hizi?" Mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi karibu yetu akadhani tunamtafuta ndugu wa marehemu, akasema hamjui huyo, labda atafika na basi la Arusha, linashusha watu Bomang'ombe mchana. Hawa akaficha uso kwenye mtandio. Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tupigiwe simu ya msiba.

Mkunde hayupo, wala hakuwahi kuwepo. Nilimtunga nikiwa kidato cha tatu, mwaka niliokaa kwa mama mdogo. Sasa nina miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na najua mtu wa umri wangu akisema "enzi zile" wakubwa wanacheka. Lakini mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, na mtu mmoja aliyeufanya amelala sasa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kwa nini nilikaa kwake na si nyumbani, hiyo si habari ya hapa. Itoshe kwamba kwake palikuwa karibu na shule. Naandika nikisaidiwa na shajara. Nimekuwa nayo tangu kidato cha kwanza, kwa sababu mimi ni mtu ambaye jibu zuri humjia akishafika nyumbani, na lazima nilimwage mahali.

Mama mdogo alipika mbege. Sebule yake ndiyo ilikuwa kilabu: mabenchi ya mbao yamezunguka ukuta, meza moja fupi katikati ambayo hakuna aliyejua kazi yake, picha ya Moyo Mtakatifu, na redio inayotangaza vifo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, pamoja na magunia ya mso, yaani ulezi uliooteshwa ukaanikwa ukasagwa, ule unaoigeuza ndizi iliyochemka kuwa pombe. Nililala na harufu hiyo, nikaenda nayo shuleni, na hadi leo nikiisikia nafikiri kwanza kuhusu hesabu za logarithimu. Mbao zilikuwa zimeachana kidogo. Usiku hakukuwa na watu, mama mdogo alifunga mapema, lakini mchana wa Jumamosi niliweza kukaa kitandani na daftari na kusikia kila kitu. "Kahawa ya mwaka huu tutainywa wenyewe," anasema mmoja. "Wewe umewahi kunywa kahawa?" "Siwezi kunywa ada ya mtoto." Kicheko. Halafu sauti ya mama mdogo, ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani: "Haya baba, kaa kwanza."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mtu akija na hasira, haya baba, kaa kwanza. Akija na maneno ya matusi, haya baba. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama mbele kidogo, na hakuna siku niliyomsikia akipandisha sauti, hata kwangu. Kwangu alitumia kejeli. "Mwandishi," angeniita kutoka jikoni, "kiburu kinaungua, au unataka kwanza ukiandikie barua?" Kiburu chake, ndizi zilizopondwa na maharage, kilikuwa kizito kiasi kwamba kijiko kilisimama wima, na alinipakulia mpaka pembeni mwa sahani halafu akaninung'unikia kwamba namaliza chakula. Nilimpenda. Lakini nitasema ukweli kama ulivyo kwenye shajara: nilimwona ni mtu wa kukubali-kubali, mtu ambaye dunia inampita juu. Nami nilijua nimefanana naye, na sikutaka.

Ndiyo maana Mkunde alikuwa na mkuki. Nilimpa pia simba, na kovu la shavuni, na nywele zisizohitaji kusukwa. Nchi yake niliijenga vizuri kuliko nilivyomjenga yeye. Ilikuwa nchi iliyo mlimani, ambako mawingu yalifugwa kama ng'ombe. Kila ukoo ulikuwa na boma la mawingu nyuma ya nyumba, mawingu yalikula majani, yalikamuliwa asubuhi, na maziwa yake ndiyo mvua. Mangi wa Juu, mtawala mwenye tamaa, alikuwa ameswaga mawingu yote ya Mangi wa Chini akayafungia kwenye boma lake karibu na barafu, na huku chini migomba ilikuwa inakauka. Mkunde alitumwa akayarudishe. Mara ya kwanza Hawa aliposoma hayo alinyanyua uso akauliza, "Mangi? Kama Mangi wa dukani?" maana kwao mjini kila mwenye duka ni Mangi. Wasichana wa mlimani walimzomea, wakamwambia Mangi ni mfalme, na wa dukani wamepewa jina hilo kwa heshima tu. Akasema sawa, ila yeye atamwona amevaa ndala na ameshika kikokotoo.

Hawa ndiye aliyesoma kwa sauti, mimi niliandika. Alikuwa amepangiwa shule yetu kutoka Moshi, akakaa bweni, na wiki ya kwanza alilia kwa baridi mpaka akaomba soksi darasani mbele ya watu bila haya yoyote. Nilimpa zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mimi sauti yangu haikutoka mbele ya watu wawili. Mwalimu akiniuliza swali, midomo ilicheza tu. Hawa alichukua daftari langu siku moja bila ruhusa, akaanza kulisoma wakati wa chakula cha mchana, makande yapo mapajani, na kufikia mwisho wa wiki nusu ya darasa walikuwa wanamsubiri. Alifanya sauti ya simba, sauti ya Mangi, sauti ya mawingu yakicheua. Kila mtu alijua hadithi ni yangu, lakini ilikuwa kama mtoto anayelelewa na jirani mwenye uwezo.

Tatizo lilikuwa mapigano. Sijawahi kumpiga mtu. Mapigano yangu yote niliyaiba kwenye sinema nilizoziona kwenye simu za watu, na ilionekana. "Resti," Hawa alisema siku moja, daftari limefungwa, kidole chake ndani, "huyu Mkunde wako anapigana kama mtu anayefua mashuka. Mara huku, mara huku, halafu watu wamekufa." Glory, ambaye baba yake alikuwa na bucha na yeye mwenyewe alikuwa na mwili na sauti ya kuliendesha, alinieleza kwa upole jinsi shingo inavyokatwa. Nikaandika vile. Darasa likafurahi. Nikaongeza. Sura iliyofuata Mkunde alimaliza walinzi wa daraja, iliyofuata akawamaliza watoto wa walinzi, na mimi nikarudi nyumbani nikaandika kwenye shajara kwamba nikikutana naye njiani nitakimbia. Nilikuwa nimemtunga mtu ambaye ningependa kuwa, na sasa sikuweza hata kumkaribisha chai.

Nilimwambia Hawa tukiwa bombani tunaosha sahani. Nilisema, "Kwani lazima apigane?"

"Sasa asipopigana atafanya nini?" Hawa alisema. "Apike?"

Waliokuwa bombani wote wakacheka. Alikuwa hajasema kwa ubaya, aliona kichekesho tu, lakini kilienea. Siku hiyo nzima mtu akipita karibu na dawati langu alisema, "Mkunde, chumvi imekolea?" Jioni Hawa akanijia peke yake, akiwa makini. Alisema sura ya mwisho ataisoma siku ya mwisho kabla ya kufunga shule, watu wamengoja muhula mzima, na hawezi kusimama mbele yao akasoma kwamba Mkunde ameomba msamaha akarudi nyumbani. "Ukimnyang'anya mkuki, mimi sisomi, Resti. Nakwambia mapema ili usiseme nimekufanyia." Alinishika mkono wakati anasema. Nilijua anamaanisha, na nilijua bila yeye hakuna hadithi. Kungekuwa na daftari tu, na mimi, na magunia ya mso.

Nikaketi kitandani Jumamosi ile na ukurasa mtupu. Mkunde alikuwa amefika kwenye lango la Mangi wa Juu na mkuki wake, na sikuweza kumsogeza. Upande wa pili wa mbao kilabu kilikuwa kimejaa. Nilimsikia Mzee Aloisi, aliyekuwa anakaa kila mara karibu na mlango kwa sababu ya mguu wake, akiongea habari za binti yake aliyeko Dodoma. Halafu kilabu kikanyamaza ghafla, wote kwa pamoja, na nikaweka jicho kwenye ufa.

Baba Deo alikuwa amesimama mlangoni. Kihamba chake kilipakana na cha Mzee Aloisi, na mfereji ulikuwa mmoja, kila mmoja na zamu yake ya maji. Alikuwa ametoka kukata majani ya migomba na panga lilikuwa mkononi. Kwetu panga si silaha, kila mtu anatembea nalo. Ila kuna namna ya kulishika inayosahau kwamba limeshikwa, na kuna namna nyingine. Alilishika kwa hiyo nyingine.

"Umefunga maji zamu yangu," alisema.

"Zamu yako iliisha jua likiwa juu ya mnara wa kanisa," alisema Mzee Aloisi.

"Jua gani? Kulikuwa na wingu."

"Basi kamuulize wingu."

Mtu alicheka, akajuta. Baba Deo akaingia ndani hatua moja. Wanaume waliokuwa karibu hawakusimama. Nadhani kila mmoja aliona kwamba akisimama ndiye atakayeanza. Hapo mama mdogo akatokea jikoni na kata. Sijui kama wasomaji wote wanaijua: ni kibuyu kilichokatwa, kina mkono mrefu, na chini ni duara, kwa hiyo ukikiweka mezani kinapinduka. Kata ikishajazwa haina mahali pa kukaa duniani isipokuwa mikononi mwa mtu. Ile aliijaza mpaka povu likavuka ukingo. Alitembea nayo polepole hadi mbele ya Baba Deo, akaionja kwa sauti ili kila mtu asikie, kama ilivyo desturi, mwenye pombe huonja kwanza mgeni ajue ni salama. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kanisani, "Baba Deo, nipokelee, mikono imechoka."

Baba Deo alinyoosha mkono wa kushoto, panga bado liko kulia. Kata ikayumba, pombe ikamdondokea kidoleni. "Aa, usimwage," alisema mzee mmoja kutoka pembeni, akiwa na huzuni ya kweli. Kumwaga pombe ya mwenye nyumba ni matusi, na kupokea kitu kwa mama kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu, na Baba Deo, hata akiwa na hasira vile, alikuwa mtoto wa watu. Akaegemeza panga ukutani. Akapokea kwa mikono miwili.

"Mpe mzee aanze," alisema mama mdogo. "Yeye ndiye mkubwa humu."

Ikabidi atembee. Kutoka mlangoni mpaka kwa Mzee Aloisi si mbali, lakini ukibeba kata iliyofurika unakwenda kama umebeba mtoto mchanga usingizini, macho chini, pumzi umeibana. Mtu hawezi kwenda hivyo na bado akawa na hasira ile ile aliyoanza nayo. Mzee Aloisi naye akalazimika kuachia fimbo yake, akapokea kwa miwili, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka, akamrudishia. Mama mdogo tayari alikuwa amechukua panga pale ukutani. "Hili naliazima," alisema, "nina ndizi za kukata," akaingia nalo jikoni. Wale wawili walitukanana mpaka jioni. Walitaja mifereji, babu zao, mbuzi fulani wa zamani. Lakini walikuwa wamekaa, na kata ilikuwa inaenda na kurudi kati yao.

Nilimkimbilia jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, panga limelala mapajani, hajakata ndizi hata moja. Nilimuuliza kama aliogopa. Alisema, "Sana. Nipe maji." Alikunywa yote. Halafu akaangalia pipa lake akasema, "Hivi ya leo haijakolea, au? Umemwona mzee alivyokunja uso?" Na hilo ndilo lililomsumbua siku nzima, kwamba ya leo haikukolea.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, na wiki hii ya matanga zaidi, kwa sababu kila aliyekuja ana lake la kusimulia na yote yanafanana: alinikalisha, alinichelewesha, alinipa kitu cha kushika. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilichoona ni kwamba nilikuwa nimekosea kuhusu nguvu, na kosa lilianzia kwenye nchi niliyoijenga, siyo kwa Mkunde. Ukijenga nchi ambayo kila mlango unafunguliwa kwa mkuki, mwenye mkuki ndiye atakayekuwa mkubwa, na wengine wote watakuwa wanamngoja nyumbani. Nilikuwa nimeandika mawingu yanayokula majani, halafu sikujiuliza hata mara moja ni nani anayeyakata hayo majani. Nilijua jibu. Niliwaona kila asubuhi nikienda shule, wanawake wanaopanda kutoka tambarare na mizigo ya majani vichwani, shingo zimekakamaa, hawawezi hata kugeuka kunijibu shikamoo. Mangi wa Juu alikuwa ameiba mawingu. Lakini mawingu yalimjua nani? Niliandika hadi mkono ukaniuma. Mkunde akauchomeka mkuki ardhini nje ya lango na kumwacha simba aulinde. Akawa mkata majani, binti wa mpika pombe. Akaingia kwa Mangi amebeba kata. Sikuomba radhi kwa mtu yeyote kwenye shajara siku ile, niliandika tu, "Sasa namjua."

Siku ya mwisho kabla ya kufunga kulikuwa na mvua kubwa, ile ya masika inayopiga bati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Hakuna aliyetoka nje. Makande yaliletwa darasani kwenye ndoo. Hawa alisimama juu ya dawati la mbele ili asikike, akafungua sura ya mwisho, na nikamwona anapitisha macho kwenye mistari ya kwanza, akaona mkuki umechomekwa ardhini. Aliniangalia. Nilitazama makande yangu. Sijui kwa nini aliendelea. Nafikiri ni kwa sababu watu walikuwa wameshanyamaza, na Hawa hajawahi kuwaacha watu walionyamaza. Lakini alisoma kwa sauti kavu, bila simba, bila chochote, kama anasoma matangazo ya misa ambayo si ya dini yake.

"Mkunde akapita katikati ya askari," alisoma. "Hawakumzuia, kwa sababu alikuwa na mikono iliyojaa. Akafika mbele ya Mangi wa Juu, akapiga goti, akampa kata. Mangi akaipokea kwa mikono miwili."

"Hajaonja," alisema Glory.

Alisema taratibu, kijiko kiko hewani. Ni kweli. Nilikuwa nimeishi na mpika pombe muhula mzima, nimeona kwa macho yangu, nimeandika kata, nimeandika povu, na nikasahau kumfanya Mkunde aonje.

"Kuonja nini?" aliuliza Hawa, ambaye kwao pombe haikanyagi mlango.

"Mwenye pombe anaonja kwanza," Glory alisema. "Asipoonja maana yake ameweka kitu." Akasimama. "Jamani, ameweka sumu. Mkunde amemwekea sumu."

Darasa likalipuka. Walipiga madawati, walipiga ndoo ya makande. Walisema walijua, walisema huyu mtoto kimya-kimya kumbe ni hatari, na hawakumaanisha Mkunde, walimaanisha mimi. Hakuna sura yangu iliyowahi kupokelewa vile. Na Hawa, juu ya dawati, uso ulimrudi. Aliniangalia kama mtu aliyesamehewa deni. Akafunua ukurasa haraka amwone Mangi akianguka, akasoma kimya, midomo ikicheza, na nikaona anafika mahali ambapo Mangi anakunywa, anapendezwa, anakubali kuyaachia mawingu. Akainamisha daftari.

"Resti," alisema. "Anakufa au hafi?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. Sauti isingehitajika, kichwa kimoja chini, na Mangi angekufa, na mimi ningekuwa shujaa wa kidato cha tatu, na Hawa angesoma hadithi zangu mpaka tumalize shule. Mkunde angebaki yule yule wa zamani, muuaji, amebadilisha kifaa tu. Nilisimama. Nilisema, "Hafi."

"Nini?"

Mvua ilikuwa kubwa. Nilirudia, na hawakusikia, na sikuwa na sauti nyingine zaidi ya ile. Kwa hiyo wa nyuma wakaja mbele. Waliburuza madawati. Walinizunguka karibu kiasi cha kusikia harufu ya maharage midomoni mwao, na Hawa akashuka akachuchumaa mbele yangu, na nikaanza kusema kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa nakiona wakati uleule.

Nilisema, Mangi naye aliona kwamba hajaonja. Ameshika kata imefurika, na hathubutu kunywa. Anataka kuiweka chini, lakini kata haina chini. Anataka kuimwaga, lakini ni mbele ya wazee wake wote, na anayemwaga pombe ya mgeni amemlaani mgeni na nyumba yake mwenyewe. Anamwita mkuu wa askari aipokee. Mkuu wa askari anatazama dari. Anamwita wa pili. Wa pili anakumbuka ana kiapo cha kutokunywa. Mangi akasema, binti, njoo uonje. Na Mkunde akasema, nitaonja, baba, nikirudi.

Mtu mmoja alicheka puani.

Nikasema, Mkunde akatoka akaenda bomani. Hakuna aliyepewa amri ya kumzuia, maana mwenye kutoa amri alikuwa anaangalia povu. Mawingu yalisikia harufu ya majani kwenye nguo zake. Yalimjua. Alifungua lango, akayatanguliza kwa majina yao, lile la kijivu lenye kilema, lile kubwa linalogombana, vitoto nyuma, na yakateremka mlima wote. Alipohakikisha la mwisho limevuka, alirudi. Mangi alikuwa bado amekaa. Jasho linamdondoka kwenye pua na hawezi kuifuta.

"Halafu?" alisema Hawa.

"Halafu akaichukua, akaionja, akampa. Haikuwa na kitu. Ilikuwa pombe tu."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo bila sisi kujua. Kengele ililia na hakuna aliyenyanyuka. Hawa alikuwa amekunja uso kama anatafuta mahali pa kubishana. Nyuma yake Glory alikuwa amesimama, mikono yote miwili mbele ya kifua, viganja juu, vidole vimejikunja kidogo, hatikisiki.

"Glory," Hawa akamwambia, "shusha mikono, kengele imelia."

"Siwezi," alisema Glory. "Itamwagika."